Futi ya fundi na kiuno cha kwenye simu

Ndugu Mhariri,

Nimeusoma ukurasa wenu wa vijana wa wiki iliyopita, pale mwandishi alipowalilia watoto wa Lubumbashi kwamba wamejisahau: viatu vya Marekani, nywele za China, lafudhi ya TikTok, na jina la Facebook ambalo hata mama mzazi hawezi kulitamka. Niliusoma kibandani kwangu nikiwa na pini mdomoni, nikacheka nusura niimeze moja. Mimi ni fundi wa kushona, hapa Lubumbashi, kwenye komine (mtaa wa jiji) iitwayo Kenya, mwaka wa ishirini na nane huu. Ninyi mnamwona mtu akiwa ameshavaa. Mimi humwona kabla, amesimama mbele ya futi yangu ya kupimia akiwa amebana pumzi. Kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Mwezi wa nane alikuja msichana mmoja na kikwembe, yaani kitenge, alichoachiwa na bibi yake, wax ya Uholanzi, kimekaa miaka mingi na bado kinanuka sanduku. Akanifunulia simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. "Papa fundi, nishonee sawa hii." Kwenye picha kuna mwanamke mwenye kiuno cha nyigu, gauni limemkaa kama ngozi. Nikavaa miwani. Nyuma ya mwanamke yule kuna mlango, na mwimo wa mlango, usawa wa kiuno chake, umepinda kuingia ndani kisha ukanyooka tena. Shemeji yangu ni seremala, sijamwona akitengeneza mwimo wa namna hiyo. Nikamwonyesha msichana. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akatazama, akanyamaza. Halafu akasema, "Najua, papa. Lakini nishonee sawa hii tu."

Hiyo "najua" ndiyo iliyonikalisha chini niandike barua hii. Mwandishi wenu anadhani vijana wamedanganywa. Hawakudanganywa, Mhariri. Wanaijua programu inayobana kiuno, wanajua kitufe chake kiko wapi, wanaitumia wenyewe. Shida yao ni kwamba kila atakayemtazama msichana yule siku ya harusi naye ameshazitazama picha za namna ile asubuhi kitandani. Anavalia macho ya watu, na macho hayo yameshapimishwa kwa futi nyingine. Mimi na futi yangu ya sentimita 150 tutasema nini?

Sasa huko kujisahau. Marehemu baba yangu naye alikuwa fundi, na mkate wetu ulitoka kwenye abakosi. Wenye umri wangu wanakumbuka: Mobutu alipopiga marufuku suti na tai, kila mwenye cheo alihitaji hiyo abakosi, koti yenye kola isiyovaliwa tai, na baba alishona mpaka usiku. Mwaka 1972 majina ya ubatizo nayo yakaondolewa. Joseph alilala Joseph akaamka na jina la babu yake, na padri aliyembatiza mtoto kwa jina la Kizungu aliweza kufungwa. Ukiwasha televisheni saa ya habari, uso wa Mkuu wa nchi ulikuwa unashuka kutoka mawinguni. Leo tunasema simu inawaambia watoto wao ni nani! Tarehe 24 Aprili 1990 tai ikaruhusiwa tena, na baba, kwa mkasi uleule, akaanza kukata suti. Wateja walikuwa walewale. Sikuona mmoja aliyesema alikuwa amejisahau.

Na Mazembe, timu yetu ya mpira? Nani Lubumbashi atakubali aambiwe kwamba Mazembe si damu yake? Timu ile ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenedikto kwa jina la Mtakatifu Georges, na baadaye ikavaa jina la mfadhili wake, Englebert. Englebert ilikuwa chapa ya matairi. Wazee wetu walioshangilia ubingwa wa Afrika wa 1967 na wa 1968 walikuwa wanalia machozi wakiita jina la tairi. Hakuna aliyewacheka, maana walikuwa wamelifanya lao. Ukisema "Englebert" kwenye benchi la wazee mpaka leo, hakuna anayefikiria gari.

Hapo ndipo ninapotaka kufika, na nitarudi kwenye kikwembe kwa sababu ndicho ninachokijua. Wax si yetu kwa asili. Ni mwigo wa batiki ya Java uliofanywa na Wazungu. Kiwanda kinachojulikana zaidi kilianzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846. Kule kiwandani mchoro huwa na namba tu. Wenzetu wa pwani, kanga zao huja na maneno yamechapwa tayari. Chetu kilikuja bubu. Ni mama wauzaji waliokipa ulimi, kutoka Lomé na Abidjan mpaka huku kwetu. Ndege anayetoka kizimbani: "Ukitoka, natoka." Mume akikuta kimeanikwa kwenye kamba, anajua usiku huo ni wa kulala nyumbani. Jicho kubwa: "Jicho la mke mwenza." Ile yenye plagi za injini: "Bujia sita", yaani mwenye kuvaa anaweza kujinunulia gari la silinda sita, na hakuombi nauli. Mama yangu hakuwahi kuuliza kiwanda kiko wapi. Alisema tu, "Niletee bujia," na mwuzaji wa soko la Kenya alijua avute bando lipi.

Kitu kilitoka mbali, jina likatoka kwetu. Ndiyo tofauti ninayoiona na hizi picha za simu. Siku hizi kitu huja na jina lake, na namna ya kusimama ukikivaa, na wimbo wa kukichezea, na hata maneno ya kuandika chini yake. Mtoto ameachiwa nini cha kuongeza? Mteja wa zamani alikuwa anakaa kwenye kiti changu tunabishana: mkono uwe mfupi, hapana weka puto, hapana bibi yangu hakupenda puto. Mteja wa leo ananiachia picha kwenye WhatsApp na kuondoka. Mega za intaneti zikiisha, picha haifunguki, nami sina wa kumwuliza.

Nisijifanye mtakatifu. Kuna lebo zinazouzwa sokoni kwa roli, majina makubwa ya Italia na Ufaransa, mita moja kwa bei ya mkate. Mwaka juzi kijana mmoja alinishonesha suruali ya kitambaa kizuri, mshono wa ndani nimeukunja mara mbili, kazi ya siku tatu. Alipoijaribu alifurahi, kisha akanipa kipande cha lebo: "Papa, niwekee hii." Nikaweka. Nimeweka jina la mtu asiyenijua juu ya kazi ya mikono yangu, na nikachukua hela. Usiku ule nilimweleza mke wangu akaniuliza, "Na wewe lebo yako iko wapi?" Sina. Na cherehani yangu, ambayo simwazimi mtu, ni Singer ya baba, yenye herufi za dhahabu. Fundi akija na mashine ya chapa nyingine namtazama kwa huruma. Kwa hiyo najua ugonjwa huu kutoka ndani.

Ila na ninyi, Mhariri, mjitazame. Makala ile ya kuwalilia vijana ilikuwa upande wa kushoto. Upande wa kulia, karatasi hiyohiyo, mmechapa tangazo la losheni ya "uso ung'ae", na msichana wa kwenye tangazo ni mweupe kuliko karatasi yenyewe. Sijui mlilipwa kiasi gani, na si kazi yangu kujua. Lakini binti yangu wa miaka kumi na tatu alilisoma gazeti baada yangu, na hakusoma upande wa kushoto.

Nilikumbuka siku ile ya Desemba 2010, kwenye Kombe la Dunia la Vilabu, Mazembe ilipoitoa Internacional ya Brazili kule Abu Dhabi, na kipa wetu Kidiaba akawa anaruka kwa makalio uwanjani. Fainali Inter ya Milan ilitufunga 3-0, sawa. Lakini watoto wa nchi ambako hawajui Katanga yetu iko wapi waliruka kwa makalio. Hakuna aliyetuuzia ile. Ilitoka kwa mtu, ikaenda.

Msichana wa kikwembe mnataka kujua? Nilimshonea. Kiuno nilikipima sentimita 78, nikakata 78, nikamwekea pensi mbili, mikunjo ya kubana nguo, mgongoni ili jicho lidanganyike kwa njia za zamani. Alipendeza sana; mama yake alipiga kigelegele mlangoni mpaka muuza mkaa akaja kuchungulia. Msichana akasimama kando ya cherehani, akajipiga picha, akaibofyabofya kidogo, akaiweka kwenye statasi yake. Binti yangu akanionyesha jioni. Kiuno kimekuwa cha nyigu, na Singer ya baba imepinda katikati kama ndizi, herufi za dhahabu zimevutika.

Jumatatu iliyofuata akaingia mama mmoja kutoka komine ya Katuba, kikwembe kwapani, akafungua simu yake. Ilikuwa picha ileile. "Papa fundi," akasema, "nishonee sawa hii."

Fundi wa kushona,
Komine ya Kenya, Lubumbashi
(Jina langu mnalo, msilichape, wateja wangu wanasoma.)