Wikiendi ya moja moja

Minneapolis

Kaka Hamisi,

Habari za siku nyingi? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila baridi ya huku inakung'ata masikio hata ukiwa ndani ya gari.

Umeniuliza kuhusu hoki ya barafuni ya vyuo: timu ikishinda Ijumaa, Jumamosi ikafungwa na wale wale, nani kamshinda nani? Ukanipigia na hesabu ya CAF: 5-1, kisha 1-2, jumla 6-3, tumepita! Hapana, kaka. Huku mabao hayajumlishwi, ya Ijumaa yanaishia Ijumaa. Na kwa kawaida siku zote mbili wanacheza uwanja ule ule.

Wengi husema wamegawana, basi. Mimi nauliza kwanza wamechezea wapi. Minnesota, timu ya chuo cha hapa, wakienda mji wa Madison kwa chuo cha Wisconsin wakarudi na ushindi mmoja, nashukuru. Wakigawana hapa kwetu, uwanja wa Mariucci, nanuna mpaka Jumatatu. Faida ya mwenyeji si kelele za mashabiki peke yake. Mchezo ukisimama, kocha mgeni ndiye anayetangulia kuingiza watu wake, mwenyeji anawaangalia, kisha anaingiza wa kwake. Straika wako mkali anajikuta usiku kucha yuko na beki yule yule mgongoni.

Pili, ushindi umepatikanaje? Kwenye ligi yao, Big Ten, ukishinda ndani ya dakika 60 unapata pointi 3. Zikiisha kwa sare, mshindi wa nyongeza au penalti anachukua 2, mwenzake 1. Sasa aliyeshinda Ijumaa kwa dakika 60 na kufungwa Jumamosi kwenye nyongeza ana 4, mpinzani wake 2. Hapo wamegawana nini? Tena nyongeza yenyewe ni dakika 5, watatu kwa watatu badala ya watano, uwanja uko wazi. Mmoja akiteleza vibaya, kwisha habari.

Halafu matokeo hudanganya. Aliye nyuma kwa bao moja humtoa kipa mwishoni ili aingize mshambuliaji wa sita. Wakinyang'anywa, mpinzani anapiga tu kutoka mbali, golini hakuna mtu. Ukiona 3-1 hivyo, mimi kichwani naandika 2-1.

Wenzangu hapa hubisha, lakini Jumamosi naipa uzito zaidi. Makocha wameshaonana, aliyepigwa amepata usiku mmoja wa kujirekebisha. Akishindwa hapo, ana tatizo. Jedwali halijali hilo, najua. Ila mwezi Machi, zinapopatikana timu 16 za ubingwa wa taifa, washindi wa mtoano wa mwisho wa kila ligi huingia moja kwa moja na waliobaki huchujwa kwa hesabu inayoangalia umecheza na nani, na ulikuwa nyumbani au ugenini. Msimu wa kawaida una mechi kama 34 tu, kwa hiyo ushindi mmoja wa Madison unaweza kuwa ndio tiketi.

Na Yanga wako vipi huko? Usinifiche.

Nduguyo,
Salim