Anza na gunia, mwenzangu

Kongwa, Dodoma

Rafiki yangu kipenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo na vumbi. Sisi tu wazima. Mavuno yamekwisha na malori ya mahindi yanapishana usiku kucha kwenda sokoni Kibaigwa. Ujumbe wako nimeupata. Kwamba mmepangiwa presentesheni ya dakika 10 kwa Kiingereza, na kundi zima likakuchagua wewe uwe msemaji mkuu, limenifurahisha sana. Kwamba usingizi umekukimbia kwa ajili hiyo, nimeona nisikujibu kwa meseji. Nikae chini, nikuandikie.

Slaidi ulizonitumia nimezipitia zote 26. Kazi mmefanya, hilo halina ubishi. Lakini ya kwanza ina kichwa cha habari, ya pili utangulizi, ya tatu maana ya sumukuvu (aflatoksini, ile sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye mahindi na karanga), ya nne historia yake, na hadi nafika ya kumi na moja bado sijajua mnataka nini kutoka kwangu. Kabla hujagusa tena kompyuta, chukua karatasi uandike sentensi moja tu: nikimaliza kusema, aliyenisikiliza akubali nini? Mimi ningeandika hivi: akubali kwamba sumukuvu inazuiwa shambani na kwenye turubai la kuanikia, maana ikishaingia kwenye punje, hata kupika hakuitoi yote. Kila slaidi isiyomsogeza msikilizaji kuelekea hapo, ifute bila huruma. Historia ya kuvu itabaki kwenye ripoti ya maandishi, ambako mhadhiri ataisoma akipenda.

Sasa tazama slaidi yako ya 14. Umeandika kwamba kiwango cha juu kinachoruhusiwa nchini ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja ya mahindi, na mikrogramu 5 kwa B1, aina yake iliyo kali zaidi. Ni kweli. Ila hakuna mtu aliyeketi darasani saa nane mchana, ametoka kula ugali, atakayeiona mikrogramu kichwani mwake. Ipigie hesabu mbele yao. Gunia la kilo 100, mikrogramu 10 kwa kila kilo, jumla ni mikrogramu 1,000, yaani miligramu moja. Gunia zima, miligramu moja! Weka chembe chache za chumvi kiganjani, nyoosha mkono waone, kisha nyamaza kidogo. Huo ndio uzito wa sumu unaotosha kulifikisha gunia lote ukomoni. Halafu waambie kwamba kwa macho hawawezi kuitambua, wala kwa pua, wala kwa ulimi. Nakuhakikishia watainua vichwa kutoka kwenye simu zao.

Hapo hapo, kabla hawajapoa, waambie kuhusu mwaka 2016. Watu walikufa huku kwetu Dodoma na kule Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Wewe hilo umelizika kwenye slaidi ya 19, katikati ya orodha ya madhara, kwa herufi ndogo. Lilete mbele, ulitamke taratibu, kwa heshima. Huenda darasani yupo mtu aliyetoka kwenye vijiji hivyo. Ukitoka hapo, kuanika juu ya turubai, kukausha punje hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13, na mifuko ya kinga njaa inayozuia hewa, vyote vitasikilizwa kama dawa, kwa sababu ugonjwa wameshauona.

Nije kwenye lugha, maana najua hapo ndipo penye donda. Wewe na mimi tulisoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, kisha kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza. Tukajifunza kunyamaza, kwa kuwa anayenyamaza hachekwi. Miaka yote ile ya kunyamaza haifutiki kwa semista moja ya stadi za mawasiliano, na si haki mtu kukuambia ujiamini tu basi. Ninachokuomba ni hiki: hofu ya kusimama mbele za watu na hofu ya Kiingereza ni vitu viwili, usivibebe kwa pamoja. Mada yako ieleze kwanza kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa mtu asiyesoma kozi yenu. Mtafute yule mama anayewauzia karanga getini, anunuaye na kuuza kila siku, umweleze yeye. Akikuuliza swali ukakwama, ujue kilichokukwamisha hakikuwa lugha, ni kwamba sehemu hiyo hujaielewa bado. Nenda kasome. Ukishaweza kumweleza yeye mpaka akaanza kukusimulia namna anavyochambua karanga zake, ndipo uhamie kwenye Kiingereza. Tumia sentensi fupi. Kariri ya kwanza na ya mwisho tu. Zilizobaki zitoke zitakavyotoka, kwa sababu anayekariri zote akisahau neno moja husimama kama gari lililoishiwa mafuta.

Ujizoeze kwa sauti, ukiwa umesimama, na saa mbele yako. Kusoma kimoyomoyo kitandani hakuhesabiki. Mtu anayesema bila haraka hutamka kiasi cha maneno 100 hadi 130 kwa dakika, kwa hiyo dakika zako 10 hazibebi zaidi ya maneno elfu moja na kitu. Slaidi 26 hazimo humo. Nane zinatosha.

Kuhusu moyo kwenda mbio na mikono kutoa jasho: ni mwili wa binadamu, hauna kasoro. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, mwaka 1993 walieleza jaribio ambalo mtu hujiandaa, kisha hutoa hotuba ya dakika tano mbele ya watu wasioonyesha hisia yoyote usoni, halafu hupigishwa hesabu za kichwa. Homoni za msongo hupanda kiasi kwamba mpaka leo wanasayansi wanaitumia njia hiyo wanapotaka kuchunguza msongo. Na mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Harvard alionyesha kwamba waliojiambia wana hamu ya kusema walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Kwa hiyo moyo ukianza kudunda, usipigane nao. Jiambie una hamu ya kusema, uende mbele.

Jambo jingine linaniudhi, niliseme. Utasikia, na huenda limo kwenye madokezo yenu, kwamba asilimia 93 ya mawasiliano ni sauti na ishara za mwili, na maneno ni 7 tu. Takwimu hizo zinatokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya 1967, yaliyohusu namna tunavyotambua kama msemaji anatupenda au anatuchukia, kwa maneno moja moja na picha za nyuso. Mwenyewe ameshasema hazihusu kila mazungumzo. Watazame watu machoni, ndiyo, na usiupe mgongo ukumbi ukasoma ukutani. Lakini chumvi kiganjani haina maana bila ile hesabu ya gunia.

Wenzako wa kundi kila mmoja aijue sehemu ya mwenzake, maana swali halichagui wa kuulizwa. Na swali usilolijua, sema utalifuatilia, kisha lifuatilie kweli.

Nakuandikia yote haya kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku sasa. Asubuhi nakaa na wakulima chini ya mti, kila mmoja kaja na gunzi lake, nao wanauliza turubai watalipata wapi. Siku ya kikao nasimama mbele ya madiwani, nao wanauliza itagharimu shilingi ngapi. Wakija watu wa mradi, ni Kiingereza na majedwali, nao wanataka kujua kaya ngapi zimebadilika. Sumukuvu ni ile ile, ila mlango wa kuingilia ni tofauti kila mara, na asiyeuliza kwanza nani yuko ndani hubisha hodi mlango usio wake. Kuna mahindi yameokolewa kata hii kwa sababu mtu alieleza vizuri. Nimeyaona, yako ghalani. Ndiyo maana sitaki wewe uipite presentesheni hii kwa ajili ya maksi tu.

Jirekodi kwa simu ukisema dakika tatu za mwanzo, Kiswahili kwanza halafu Kiingereza, unitumie kabla ya Jumapili. Jioni hiyo nitapanda kule mlimani mtandao unakoshika vizuri, nikupigie tuzungumze sehemu kwa sehemu. Kama umeme utakuwa umekatika na simu haina chaji, nitakupigia Jumatatu asubuhi kabla hujaingia darasani.

Nisalimie mama na wadogo zako wote.

Mimi mwenzako wa dawati moja