Mauzo si faida, hesabuni na mali ya dukani

Mhariri,

Wenye maduka wengi ya rejareja hujumlisha mauzo ya mwezi, wakatoa manunuzi, kinachobaki wakakiita faida. Hesabu hiyo haijagusa mali iliyo kwenye shelfu, na hapo ndipo mitaji inapopotea.

Chukua duka lililoanza mwezi na mali ya shilingi 1,200,000 kwa bei ya kununulia. Likaongeza ya 2,500,000, na jioni ya mwisho ikahesabiwa imebaki ya 900,000. Mali iliyotoka ni ya 2,800,000. Mauzo yakiwa 3,300,000, faida ghafi, yaani kabla ya kutoa gharama za duka, ni 500,000, wala si 800,000. Ondoa pango 150,000, umeme 40,000 na msaidizi 200,000, inabaki 110,000. Aliyefuata hesabu ya kwanza ataona 410,000. Akizitumia zote nyumbani, 300,000 kati yake ni mtaji.

Kwa hiyo hesabuni mali kila mwisho wa mwezi, hata kama mtakesha. Sukari inayopelekwa nyumbani iandikwe siku hiyohiyo, kwa bei ya kununulia.

Kila jioni, fedha ya asubuhi, mauzo ya taslimu na madeni ambayo wateja wamelipa taslimu, ukitoa matumizi, lazima vilingane na droo. Malipo ya simu yawe na safu yake. Na deni likilipwa lisiandikwe tena kama mauzo: liliandikwa bidhaa ilipotoka. Kosa hili ni la kawaida mno, na huongeza mauzo ambayo hayapo.

Msomaji, Morogoro