Harambee ya Chumba cha Nyaraka, Mji wa Kale, Mombasa

Assalamu alaykum jamaa na majirani, wa Kuze na wa Kibokoni, na nyinyi mlioko Dubai, Maskati na Toronto. Tunawaomba mchango wa kutengeneza chumba cha kutunzia na kuskani hati za zamani za familia zetu.

Wengi wenu mnazo karatasi. Ziko sandukuni mwa nyanya au juu ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki: hati za nyumba, wakfu, vyeti vya ndoa vya kadhi, risiti za kodi za baraza la mji. Mtu hudhani historia ya mji inatunzwa serikalini. Baadhi yake, ndiyo. Lakini Makavazi ya Kitaifa yako Nairobi, na baraza la manispaa lililokuwa letu liliondoka 2013 ugatuzi ulipoanza. Faili la ofisi iliyofungwa lisipoulizwa na mtu, husahaulika.

Uzito wa karatasi sisi Wapwani tunaujua. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye kiwanja apeleke madai yake. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Hadi leo mirathi hukwama kwa kukosa kipande kimoja tu.

Hati moja tuliyoletewa ilikuwa imekunjwa mara nne, na mkunjo umekatika palepale palipotajwa mpaka wa upande wa bahari. Nyingine imelaminishwa, plastiki imeng'ang'ania wino, ukiibandua unaichana. Tafadhalini, msilaminishe! Selotepu na pini zenye kutu ni maadui vilevile. Mchwa na hewa ya chumvi mnavijua wenyewe.

Familia moja ya mtaani imetupa chumba bure. Kinavuja, kwa hiyo paa lizibwe kabla ya masika. Kisha skana kubwa ya kulaza karatasi, mashine ya kupunguza unyevu, na maboksi yasiyo na asidi. Rafu za chuma zitangoja.

Mia tano si haba, ila mwenye elfu kumi asijifiche nyuma ya mia tano. Fundi wa paa atakayejitolea siku moja tutamhesabu miongoni mwa wachangiaji wakubwa.

Tukutane Jumamosi baada ya Alasiri, barazani mbele ya chumba. Mlio mbali, mtumieni mweka hazina kwa M-Pesa au benki. Kila mmoja atapewa risiti, na hesabu itabandikwa mlangoni. Anayeogopa kuacha hati yake asiiache: tutaiskani mbele yake, na ataondoka nayo.