Ile baa iliyolala upande

Shosti, za siku nyingi?

Umeniuliza kama ile baa bado ipo, ile niliyokutumia picha nimesimama mlangoni ukadhani simu ndo ilishikwa vibaya. Haipo tena. Nimeona meseji haitoshi, ngoja nikuandikie vizuri maana bado inaniuma.

Ilikuwa inaitwa The Crooked House, ilikuwa Himley, kijiji cha Staffordshire karibu na Dudley huku Uingereza. Ilijengwa 1765, nyumba ya shamba tu, ila chini yake kuna makaa ya mawe na watu wakachimba wee mpaka ardhi ikatitia, upande mmoja wa nyumba ukashuka kama mita 1.2 hivi kuliko mwenzake. Sasa 1830 bunge lao likapitisha sheria kwamba mtu yeyote mlipa kodi akikata leseni ya gini 2, pesa yao ya zamani, anaruhusiwa kuuza bia nyumbani kwake, vijijini nyumba kibao zikageuka baa, na hii nayo ikaanza kuuza miaka hiyohiyo. Wenyeji waliiita Siden House, siden kwa lafudhi yao ya kule ni kitu kilichopinda.

Miaka ya 1940 ilitangazwa hatari, ilikuwa ibomolewe kabisa, kampuni moja ya bia ikainunua, ikaitia vyuma na kuiegemezea kuta nene kwa nje. Na hawakuinyoosha! Waliiacha imelala vilevile ila isianguke, mi hapo ndo naona walikuwa na akili sana.

Siku ile nilipoingia nilishika meza kwanza, kichwa kinazunguka na sijaonja kitu. Kuna saa kubwa ya kusimama unaona kabisa imeinama, kumbe yenyewe ndo imenyooka, ukuta ndo umelala. Halafu mzee mmoja akanipa gololi akasema weka hapo dirishani, nikaweka, ikaanza kutembea taratibu kama inapanda mlima. Nikairudisha, ikapanda tena. Wazee pale walikuwa wanacheka kama ndo mara ya kwanza wanaiona, na wameiona tangu utotoni.

Basi Julai 2023 ikauzwa. Usiku wa tarehe 5 Agosti ikaungua, zimamoto wamefika wakakuta njia imezibwa na malundo ya udongo, ikabidi wavute mipira ya maji toka mbali. Polisi wakasema wanauchunguza kama moto wa kuwashwa makusudi. Kuta zilikuwa bado zimesimama shosti, halmashauri ilikubali sehemu ya juu tu ndo iondolewe kwa usalama, lakini tarehe 7 katapila likaangusha yote. Siku mbili! Mgodi ulishindwa kuiangusha miaka yote hiyo.

Haikuwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa, hilo ndo linanikera zaidi. Februari 2024 halmashauri ikaagiza wenye eneo waijenge upya ndani ya miaka 3, wenyewe wakakata rufaa. Mi nataka irudi na ulalo wake uleule, na matofali yaleyale yatakayopatikana.

We ile picha kama bado unayo nitumie, simu yangu ya zamani ilikufa nayo na sina nyingine.

Wako wa siku zote