Kodi imepandishwa katikati ya mkataba, na ile ya zamani inakataliwa

Mhariri, assalaam alaykum.

Tunaomba ushauri juu ya kodi ya nyumba hapa Kikwajuni, Unguja. Tupo familia tatu, kila moja na mkataba wake wa mwaka mmoja, Januari 1 hadi Disemba 31. Kodi ni shilingi 250,000 kwa mwezi, inalipwa miezi sita mbele, yaani 1,500,000 Januari na 1,500,000 Julai. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, alisaini kama shahidi na kugonga muhuri. Hamna kifungu hata kimoja kinachomruhusu mwenye nyumba kubadilisha kodi kabla muda kumalizika.

Juni 12 tulipokea ujumbe wa simu wa mwenye nyumba: kuanzia Julai ni 400,000 kwa mwezi, na kila familia itoe kilemba (malipo ya kupewa nyumba, mbali na kodi) cha 500,000, asiyeweza ahame. Nyongeza hiyo ni asilimia 60. Kuhusu kilemba, hicho hutolewa na anayeingia. Sisi tumo ndani tayari na mkataba hai. Kama tunavyoelewa, mkataba wa muda maalumu unafunga pande zote mbili. Mpangaji hapunguzi kodi kwa kuwa biashara imelala, na mwenye nyumba hapandishi kwa kuwa nyumba za mjini zinatakiwa, mpaka wakubaliane. Disemba ikimalizika ni jambo jengine: atataja bei yake, nasi tutakubali au tutahama.

Julai 1 kila mmoja alipeleka 1,500,000 yake. Mwenye nyumba akakataa kupokea. Hapa ndipo penye hatari, na wapangaji wengi huanguka hapa hapa. Kodi ikikataliwa mtu hukaa kimya, fedha zikaingia kwenye ada za skuli na matibabu, na baada ya miezi miwili mitatu anadaiwa malimbikizo. Nyongeza haitajwi tena. Aliyevunja mkataba anaonekana ni mpangaji. Kwa hivyo fedha tumeziweka benki na haziguswi. Tumemwandikia barua ya kueleza tarehe, kiasi na kwamba tupo tayari kulipa wakati wowote, na Sheha amesaini kuwa ameipokea nakala yake. Ujumbe wa simu tumeupiga picha, namba na tarehe zinaonekana.

Lakini tuna udhaifu. Mikataba yetu haikulipiwa ushuru wa stempu, yaani ushuru wa serikali kwenye hati, na hati ya namna hiyo inaweza kukataliwa kuwa ushahidi mahakamani mpaka ushuru na faini vilipwe. Muhuri wa Sheha si stempu, ingawa mitaani watu huvichukulia ni kitu kimoja. Pia mmoja wetu alinunua tangi la lita 1,000 na pampu kwa makubaliano ya mdomo kwamba gharama zitakatwa kwenye kodi. Risiti za duka anazo, makubaliano hayapo popote kwa maandishi.

Nasaha nyingi tunazopewa ni za Tanzania Bara: nendeni Baraza la Ardhi la Kata. Ardhi si jambo la Muungano na mabaraza hayo hayapo kwetu. Zanzibar ina Mahakama ya Ardhi, iliyoundwa kwa sheria ya 1994.

Tunachoomba kujua ni hiki. Je, kuweka fedha benki na kuandika barua kunatosha kuthibitisha kwamba tulitaka kulipa, au tuiombe mahakama izipokee? Tukilipa stempu sasa, mgogoro umeshaanza, itatufaa? Shauri la kodi peke yake, lisilogusa nani mmiliki, lifunguliwe Mahakama ya Ardhi au mahakama ya kawaida? La mwisho ndilo la haraka zaidi: mita ya TUKUZA (umeme wa kulipia kabla) na maji yapo kwa jina la mwenye nyumba na ameshasema atafunga vyote. Zuio la mahakama linaombwaje kabla hajafunga, na tuchukue karatasi zipi?

Nakala za mikataba yote mitatu tunaweza kuwaletea, majina yakiwa yamefutwa.

Wapangaji watatu,
Kikwajuni, Unguja