Kabla wazee hawajatia dole gumba

Nowra, Australia
Jumapili jioni

Ndugu yangu Kahindi,

Salamu nyingi kwako na kwa mama watoto. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeanza kubisha hodi.

Ujumbe wako kuhusu kaya, ule msitu wetu mtakatifu wa Wamijikenda, nimeusikiliza mara tatu. Mwekezaji anataka kujenga mabanda ukingoni mwa msitu alete watalii, vijana wanasema tukubali maana kazi hakuna, wazee wanasema msitu wa mababu si duka, nawe umekaa katikati unavutwa huku na huku. Sikukujibu siku ile kwa sababu kuna mahali nilitaka nirudi nikapatazame vizuri kwanza, nisije nikakupa maneno ya kusikia.

Ni mwendo mfupi wa gari kutoka hapa, panaitwa Booderee, hifadhi ya taifa kwenye rasi ya Jervis Bay. Ni hekta 6,300 hivi za msitu, vinamasi, majabali na bahari, na katikati yake kuna kijiji cha Wreck Bay cha Waaborijini. Hawa ni watu wa pwani kama sisi. Wazee wao walikuwa wakisimama juu ya jabali kuangalia kundi la mkizi likipita, kisha wanawaashiria walioko kwenye mashua wazungushe wavu. Niliposimuliwa hivyo nilimkumbuka marehemu baba yako pale bandarini, mkono juu ya nyusi. Jina lenyewe la Booderee kwa lugha yao ya Dhurga ni ghuba yenye neema.

Sasa sikiliza jambo la hati, maana ndilo lililonifanya nikuandikie kwa urefu. Kwa sheria ya mwaka 1986 jamii ile ilipata kwanza ardhi ya kijiji na pembezoni mwake, hekta 403. Hifadhi yenyewe walikabidhiwa mwaka 1995, kwa sharti kwamba waikodishe tena kwa serikali ibaki kuwa hifadhi ya taifa. Mkataba wa miaka 99, Kahindi! Mtoto wa mjukuu wako ndiye atakayeuona mwisho wake. Mimi naona sharti hilo lilikuwa zito. Lakini hati ina jina lao, kodi ya ardhi inalipwa kwao, na kwenye bodi inayosimamia hifadhi wao ndio wengi. Mwaka 1998 jina la zamani likaondolewa, likawekwa hili la kwao. Kwa hiyo swali la njia ipite wapi na kipi kifungwe linaanzia mezani kwao, haliletwi kwao likiwa limeshajibiwa. Wewe umeniambia wazee wetu watapewa “asilimia”. Asilimia ya nini, na nani anashika daftari? Na siku wakisema hapana, hapana yao ina nguvu gani kwenye karatasi?

Nilikwenda Jumamosi, nikaingia bustani ya mimea. Ilianzishwa mwaka 1951 kwa ajili ya mimea isiyostahimili baridi kali ya Canberra, na leo iko mikononi mwa jamii ileile. Aliyetutembeza ni mama mtu mzima wa kijijini, amevaa sare ya hifadhi. Alisimama mbele ya mmea wenye shina jeusi kama limeungua na majani membamba yanayoning'inia kama nywele. Akabandua kipande cha utomvu uliokauka, mwekundu wa kahawia, akakiweka kiganjani mwangu. Kilikuwa chepesi kama ubani. Kikipashwa moto kinalainika, akasema, na ndicho walichogandishia ncha za mikuki. Halafu akanyoosha mkono akakichukua tena, akakirudisha chini ya mti uleule. Mtalii mmoja akamwuliza kuhusu kijia kilichopotelea vichakani. Akajibu kwa upole, “Huko hatuendi,” akaendelea na maelezo yake. Hakuna aliyebisha. Nikawaza wageni wa Kaya Kinondo wanavyofungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia, na wanakubali. Anayesema watalii hawatakuja wakiwekewa miiko hajawaona hawa.

Lakini usidhani ukishapata hati msitu unajilinda. Kazi ya huku haina likizo. Mbweha wekundu walioletwa na Wazungu walimaliza wanyama wadogo, basi hifadhi imekuwa ikiwatega kwa chambo chenye sumu mwaka hadi mwaka. Mbweha walipopungua, walabi, wale wadogo wa jamii ya kangaruu, wakaongezeka mno wakawa wanatafuna miche. Umetatua hili, linazuka lile. Mwaka 2014 walirudishwa potoruu na mwaka 2016 bandikuti, wanyama wenye mfuko ambao hapa walikuwa wametoweka. Mwaka 2018 wakaachiwa kwoli 20 kutoka Tasmania, wadogo kuliko paka, wana madoa meupe mwilini. Wengi walikufa, baadhi kwa mbweha na baadhi kwa kugongwa na magari. Hata hivyo waliobaki walizaa. Sasa mwulize mwekezaji wenu: mwaka ambao wageni hawaji, walinzi wa kaya watalipwa na nani? Ulishaona wakati wa korona hoteli za pwani zilivyofungwa milango.

Kabla ya kuondoka niliteremka Murrays Beach. Mchanga mweupe unalia chini ya nyayo, na miti imeinamia maji. Gari nililiegesha kwenye uwanja mkubwa uliosawazishwa kabisa, nikashangaa nani alikata kilima kwa ajili ya magari. Kumbe mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ilipanga kujenga pale kinu cha umeme wa nyuklia, ikafyeka msitu na kuchimba, halafu mwaka 1971 mpango ukaachwa. Zaidi ya miaka hamsini imepita na kilima hakijarudi. Nilisimama pale muda mrefu nikifikiria ule upande wa kaya uliofyekwa tulipokuwa darasa la sita, kwa ahadi ya kiwanda ambacho hakikujengwa. Mpaka leo ni magugu.

Kwa hiyo mimi simkatai mtalii, na vijana waambie hivyo. Kazi ya kutembeza wageni ni kazi ya heshima, nimeiona kwa macho yangu. Ila wazee wasitie dole gumba kabla mipaka ya kaya haijapimwa ikaandikwa, na kabla haijajulikana ni akina nani wengi kwenye kamati. Kaya imeshalindwa kisheria, na tangu mwaka 2008 baadhi ya kaya zetu ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia. Hamna haraka kama anayo yeye.

Niambie mkutano ni lini. Rasimu ya mkataba uipige picha ukurasa kwa ukurasa, hata zile herufi ndogo za chini, unitumie usiku wowote. Nitaisoma nikitoka zamu, tuzungumze kabla hujaenda. Na mzee wangu akiamka vizuri, msomee pale nilipoandika habari za mkizi.

Wako,
Charo